Tupeane uzoefu: namna ya kunasa spea (au kitu chochote adimu) kwenye minada ya mtandaoni

Chuma_Used
Wakuu, kwenye uzi wa Toyota Ist kuna mdau kaandika kwa uhakika kabisa kwamba eBay hakuna spea za magari yetu. Zipo tele. Tatizo ni kile tunachoandika kwenye kisanduku cha kutafutia. Wenye ujuzi mwageni hapa, mimi naanzisha.

Anza na nambari ya spea. Ya Toyota ina mafungu mawili ya tarakimu tanotano. Tano za mbele zinataja aina ya kifaa: 27060 altaneta, 28100 stata, 17801 filta ya hewa, 48510 shokapu ya mbele kulia, 48520 ya kushoto. Fungu la pili ndilo linalokupeleka kwenye gari lako. Sasa muuzaji mmoja anaweka kistari, mwenzake anaunganisha, kwa hiyo andika zote mbili ndani ya mabano, katikati mkato, bila nafasi: (17801-21050,1780121050). Hapo eBay inaelewa "hii au ile".

Takataka zitoe kwa alama ya kutoa iliyoshikana na neno: -cover -bulb -sticker. Zikiwa nyingi zifunge pamoja: -(cover,bulb,sticker). Maneno yanayotakiwa kufuatana yaweke ndani ya alama za nukuu.

Nyundo7
Mkuu hapo kwenye nambari umepotosha watu. Hiyo ni kwa spea mpya. Anayechinja magari Uingereza hana muda wa kusoma nambari kwenye stata, anaandika jina la gari, mwaka na upande, basi. Ukitafuta kwa nambari humwoni.

Chuma_Used
Sijapotosha, nimesema "anza". Kichwa cha tangazo eBay mwisho herufi 80, ndiyo maana nambari mara nyingi inaishia kwenye maelezo ya chini. Ingia utafutaji wa kina, weka tiki isome kichwa pamoja na maelezo. Nambari za used zitaibuka.

Nyundo7
Na takataka zitaibuka pia, kuna wauzaji wanabandika orodha ya magari yote duniani kwenye maelezo. Haya, tusibishane.

Bi_Saiti_Mira
Ongezeni hili la pande, linaliza watu. Tangazo la Uingereza likisema "drivers side" ni KULIA. Tangazo la Marekani likisema hivyo hivyo ni KUSHOTO, maana usukani wao uko kushoto. Waingereza wana vifupi vyao pia: OS ni kulia, NS ni kushoto. Usinunue kwa "driver" peke yake, tafuta RH (kulia) au LH (kushoto).

Na taa kubwa usichukue ya Ujerumani wala Marekani hata iwe ya bure. Zile zimetengenezwa kwa nchi za kupita kulia, mwanga wa chini unainukia upande wa kulia, yaani machoni mwa anayekuja mbele yako. Tanzania, Kenya na Uganda tunapita kushoto, kwa hiyo taa chukua Uingereza, Japani au Australia. Altaneta, sensa na shokapu haziangalii mwanga, hizo tafuta popote ilimradi nambari ifanane.

mchuuzi_kimya
+1 kwa la taa.

Kaka_Injini
Majina nayo yanabadilika njiani. Vitz kule Ulaya ni Yaris. Harrier za mwanzo ni Lexus RX. Ist ya kwanza Marekani iliitwa Scion xA. Ukiandika "Ist" eBay unaletewa kila kitu isipokuwa gari. Mark X haikuuzwa huko, lakini yenye 4GR-FSE injini yake imo kwenye Lexus IS250. Tafuta kwa injini.

Tokyo_Drift_Mbagala
Mnahangaika na eBay wakati mzigo wenyewe uko Yahoo! Auctions ya Japani. Unanunua kupitia wakala. Usiandike jina la gari, andika msimbo (code) wa chasisi kutoka kwenye kibati: SCP10, NZE121, KDH200. Halafu nakili haya: 右 kulia, 左 kushoto, 前期 toleo la kabla ya kubadilishwa sura, 後期 la baada yake. Ukiona ジャンク maana yake kinauzwa kibovu au hakijajaribiwa, usije kulia hapa.

Sarafu_za_Kale
Samahani kuingilia, hizi mbinu zinafaa hata kwa sarafu. Wanaosaka za Mjerumani, nendeni eBay ya Ujerumani: (heller,rupie) ostafrika -(kopie,replik,nachprägung). Mkikutana na ile ya dhahabu ya rupia 15 ya Tabora, 1916, yenye tembo, ombeni picha ikiwa juu ya mizani. Halisi ina gramu 7 na ushee. Ya gramu 5 ni pambo.

Nyundo7
Eti Tabora walitengeneza dhahabu?

Sarafu_za_Kale
Karakana ya reli, wakati wa vita, dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Meli za kuleta sarafu zilikuwa zimezibwa na Waingereza.

mchuuzi_kimya
Babu yangu yuko Tabora, kesho nachimba uwani 😂

Kaka_Injini
Uzi umeshatekwa. Tulikuwa kwenye spea jamani.

Tokyo_Drift_Mbagala
Turudi. Dau: weka sekunde za mwisho, usimwamshe mwenzio.

Chuma_Used
eBay sawa, saa ikifika mnada umefungwa. Yahoo minada mingi inajiongeza dakika tano kila dau likiingia dakika za mwisho, utakesha. Andika kiwango chako cha juu kabisa ulale. Mfumo unakupandishia kidogo kidogo, haumalizi hela yote kama hakuna mpinzani.

Tokyo_Drift_Mbagala
Mimi bado nasema sekunde za mwisho.

Bi_Saiti_Mira
Kabla ya dau kagua bei: eBay chuja vilivyouzwa, unaona vya siku 90. Bei iliyokatwa mstari inamaanisha muuzaji alikubali ofa ya chini yake, na nyie toeni ofa.

mgeni_jukwaani
Mbona nikiandika haya yote naletewa matangazo mawili?

Chuma_Used
Angalia umeweka nchi gani ya kupelekewa. Ukiweka Tanzania, wasiotuma Tanzania wanafichwa. Weka anwani ya wakala wako wa mizigo Uingereza, tafuta upya, kisha hifadhi huo utafutaji uwe unapata taarifa kikiingia kipya. Unatafuta nini?

mgeni_jukwaani
Taa ya kulia ya Vitz SCP10, toleo la mwanzo.

Bi_Saiti_Mira
Uingereza: yaris (headlight,headlamp) (os,rh,right,drivers) -(bulb,bulbs,led,corolla). Chuja 1999 hadi 2003. Japani: SCP10 右 ヘッドライト 前期. Omba picha ya masikio ya kufungia nyuma ya taa, hayo ndiyo huwa yamevunjika na muuzaji hayasemi.