Poti ya chaji imelegea, naambiwa nibadili mazabodi nzima?

kidole_gumba
Wakuu naombeni ushauri. Laptopu yangu haina hata miaka mitatu, poti ya USB-C imelegea mpaka niuegemeze waya upande ndo iingize chaji. Fundi kafungua anasema poti imechomelewa kwenye mazabodi (ile sakiti kuu ya ndani), na waliotengeneza hawauzi poti, wanauza mazabodi nzima, RAM (memori ya kufanyia kazi) nayo iko humo humo. Yaani tundu bovu nabadilishiwa kichwa kizima! Hizi laptopu za Framework za kuchomoa vipande mwenyewe ni kweli au matangazo tu?

bisibisi_moja
Ni kweli, ninayo ile modeli ya Framework 13. Chini ina skrubu tano na hazidondoki hata ukizilegeza, kibodi inanyanyuka maana imeshikwa na sumaku, ila usiivute kwa pupa kuna mkanda wa waya chini yake, mimi siku ya kwanza nusura niukate. Poti zake ni vikadi vya pembeni, kwahiyo kinachochoka ni kikadi, unatoa unaweka kingine. Ilitoka 2021 na mazabodi za baadae, za Intel na za AMD, zinaingia kasha lile lile.

betri_mbili
Mbona zamani ilikuwa kawaida tu. Laptopu ya ThinkPad T480 ya 2018 ina nafasi mbili za RAM, betri ya ndani na ya nje, ya nje unaibadili mashine ikiwa inawaka. Ila nisikudanganye, poti yake ya chaji nayo imechomelewa.

risasi_na_moto
Mimi ndo kazi yangu hii. Kuhusu RAM tusiwalaumu kwa kila kitu, RAM ya aina ya LPDDR inakula umeme kidogo na inataka njia fupi sana kwenda kwenye prosesa, ndo maana huchomelewa. Hata Framework wenyewe kompyuta yao ya mezani ya 2025 RAM imechomelewa. Sasa hivi kuna LPCAMM2, ni LPDDR ile ile lakini inafungwa kwa skrubu, ThinkPad P1 Gen 7 ilikuja nayo 2024. Betri ya kugandishwa na gundi ndo sina cha kuwatetea, hiyo kila mtu anajua itachoka.

Turudi kwako @kidole_gumba, usinunue chochote kwanza. Zima mashine, chokonoa poti taratibu kwa kijiti cha mbao, vumbi likishindiliwa mle waya hauingii mpaka mwisho unadhani imelegea. Ikigoma tafuta fundi mwenye hadubini na mashine ya hewa moto, poti inatolewa peke yake inawekwa nyingine, mazabodi haiguswi zaidi ya hapo. Huyo aliyekuambia hadi ubadili yote hana vifaa tu.

kidole_gumba
Duh, kimetoka kipamba cha vumbi kama punje ya mchele 😂 waya sasa unaingia mpaka mwisho, ila bado unacheza kidogo. Natafuta wa hewa moto.