Mnaobandika fremu za maua slaidi moja moja halafu mnaniletea mimi nirekebishe, imetosha!

Wakuu, heshima kwenu. Leo sina stori, nina hasira tu.

Hivi nani aliwafundisha watu kwamba ukitaka kurembesha slaidi za PowerPoint unadaka picha ya fremu mtandaoni, unaibandika slaidi ya kwanza, unainakili, unaibandika ya pili, ya tatu, mpaka faili linaisha? Na ukishamaliza huo ufundi wako unamtumia mwenzako ujumbe: "Niunganishie na za wengine, ni kazi ya dakika mbili." Dakika mbili! Kweli mzigo wa mwenzio kanda la usufi.

Mimi ndiye yule wa kazini anayerushiwa mafaili ya kila mtu ayafanye yawe wasilisho moja, kwa hiyo madudu yote nayaona. Nafungua faili, nabofya kichwa cha habari nisahihishe herufi moja, kinachokamatika ni fremu. Nabofya tena, fremu. Picha imefunika slaidi nzima na imekaa juu ya maandishi, kwa hiyo hata pale katikati unapoona patupu, bado unabofya picha. Mkono ukiteleza kidogo, imeshahama. Slaidi hii fremu imepanda, inayofuata imeshuka, na siku ya kuwasilisha kila ukibonyeza kwenda mbele fremu inaruka. Ukumbi mzima unaacha kusoma hoja, unatazama maua yanavyocheza.

Na hapo nimebahatika kupewa PNG ya kweli, yaani picha yenye uwazi katikati. Wapo wanaoleta JPG, ambayo haijui uwazi ni nini, katikati ni weupe mtupu. Imeziba maandishi, mwenyewe kaona ujanja ni kuisukuma nyuma, na sasa mandharinyuma ya bluu ambayo timu nzima ilikubaliana imezikwa chini ya weupe wake. Halafu kuna PNG feki, ile yenye viboksi vya kijivu na vyeupe vya kuashiria uwazi, kumbe vimechorwa humo humo kwenye picha. Mtu anaviona viboksi kwenye slaidi yake, kwa macho yake mawili, na bado anatuma.

Umbo nalo. Fremu nyingi za mtandaoni zimetengenezwa kwa karatasi ya A4. Slaidi za siku hizi ni 16:9, pana zaidi. Ukiivuta fremu ya A4 ijae upana wa slaidi, inatanuka kwa karibu robo nzima: nguzo za kushoto na kulia zinanenepa, za juu na chini zinabaki nyembamba, na waridi la pembeni linakuwa kama limekaliwa na mtu. Eti urembo.

Na dawa ipo, haina gharama yoyote! Ingia View, kisha Slide Master (slaidi mama inayotawala zote), chagua ile slaidi kubwa ya juu kabisa upande wa kushoto, weka fremu yako hapo MARA MOJA, funga, basi. Imetokea kwenye slaidi zote, haikamatiki ukibofya, haihami, na ukiongeza slaidi mpya inakuja nayo. Bosi akisema hataki kijani anataka dhahabu, unabadilisha sehemu moja. Google Slides wanayo, iko Edit theme kwenye menyu ya Slide. LibreOffice Impress nayo ina Master Slide.

Najua atakuja mtu: "Nimefanya hivyo, slaidi ya kwanza fremu haionekani." Angalia mpangilio wa slaidi hiyo, kuna kitiki cha Hide Background Graphics, kitoe. Mwingine: "Slaidi nilizohamisha kutoka faili jingine hazina fremu." Wakati wa kubandika ulichagua Keep Source Formatting, zikaja na master yao ya zamani. Chagua Use Destination Theme.

Kama unachotaka ni mstari tu wa kuzunguka, picha ya nini? Chora mstatili humo humo kwenye master, rangi ya ndani weka No Fill, ongeza unene wa mstari. Ila usiuchore ukalingana na kingo za slaidi, kwa sababu mstari hukaa nusu ndani nusu nje ya umbo. Umeweka pointi 6, zinazoonekana ni 3. Usogeze ndani kidogo, tena zipo televisheni zinazokata kingo za picha, hapo utabaki na fremu ya pande mbili.

Waliotengeneza hii programu nao sina hamu nao. Word ina Page Borders miaka nenda rudi, mpaka mapambo ya matufaha na vipande vya keki yamo. PowerPoint, baba mmoja mama mmoja na Word, haina kitufe hicho! Ilichonacho ni Frame Slides kwenye mipangilio ya kuchapisha, inayochora kamstari kembamba kwenye karatasi tu, kwenye skrini hakipo kitu. Ndiyo maana watu wanakimbilia kubandika mapicha. Lakini bado haikupi ruhusa ya kunibebesha mimi.

Sasa wataalamu humu nisaidieni. Nina faili hapa lina fremu ya zambarau kila slaidi, na ni zaidi ya mia. Kuna namna ya kuzing'oa zote kwa mkupuo? Msiniambie makro (vile vijiprogramu vinavyofanya kazi vyenyewe), kompyuta za kazini zimefungiwa. Na msiniambie nimwambie mwenye faili azitoe mwenyewe, ni bosi.