Kubana sauti ya maongezi: kielelezo cha sikio kikae kwenye enkoda au dikoda?

kichujio10: Wakuu, kodeki (programu ya kubana sauti kwa enkoda na kuifungua kwa dikoda) ni ya CELP, yaani enkoda hujaribu mawimbi mengi na kuchagua lenye kosa dogo zaidi, sampuli 8000 kwa sekunde, fremu za milisekunde 20, kilobiti 8 kwa sekunde. Mkwaruzo unasikika, zaidi kwenye sauti za kike. Kuna njia tatu: kupima kosa kwa A(z/0.9)/A(z/0.6) kwenye enkoda (A(z) ni kichujio cha LPC, kinachotabiri sampuli kutokana na zilizopita), kuchuja baada ya dikoda, au kukokotoa ufunikaji (sauti moja kuificha nyingine) kwa bendi za Bark, yaani masafa yakigawanywa kama sikio linavyoyagawa. Ipi inalipa?

bendi_24: Ya kwanza, maana haili biti hata moja. Kwa sampuli hizo, 0.9 inatanua kila kilele cha spektra (mchoro wa nguvu kwa kila masafa) kwa Hz 270 hivi na 0.6 kwa Hz 1300. Kosa lililo chini ya kilele linahesabiwa dogo, kwa hiyo enkoda inasukumia kelele huko, ambako vokali inazifunika. Usishushe 0.6 mpaka 0.4 kwa tamaa. Kelele zitajaa kwenye vilele na sauti itakwaruza upya.

mlio: Hiyo haitoshi kwa sauti za kike. LPC ya ngazi ya 10 inaona umbo la jumla tu, haioni mianya kati ya haomoniki (masafa yanayojirudia kwa vipimo vya kimo cha sauti). Mtu anayeongea kwa Hz 220 ana mianya ya Hz 220, na chini ya Hz 500 bendi ya sikio ina upana wa Hz 100 hivi. Kelele ikianguka mle katikati haina cha kuifunika. Ongeza kichujio kinachofuata kimo cha sauti kwenye dikoda, kama cha G.729 (kodeki ya simu ya kilobiti 8): nguvu 0.5, na kizimwe pale faida ya utabiri (kiasi ambacho kimo kinasaidia kutabiri sauti) inapokuwa chini ya desibeli 3. La sivyo hata "s" itapata mlio wa nyuki.

kichujio10: Na Bark?

desibeli: Kwa kilobiti 8, sahau. Mlio safi unafunika kelele zilizo chini yake kwa desibeli 14.5 kujumlisha namba ya bendi. Biti zako hazifiki huko, kwa hiyo karibu kila bendi itadai zaidi na hutajua umnyime nani. Njia hiyo ni ya kodeki za MDCT (zinazogawa sauti katika masafa) zenye biti za kutosha. Hata huko, dirisha refu (kipande kirefu cha sauti kinachobanwa kwa pamoja) linamwaga kelele kabla ya "p" na "t". Sikio hufunika milisekunde chache tu za kabla ya mshindo, ila baada yake hufunika mia na zaidi.

bendi_24: Nakubaliana na mlio, kwa sharti moja. Simu ikipita kodeki mbili, zima vichujio vya dikoda ya katikati, vinginevyo vinarundikana na sauti inakuwa butu. Nguvu isawazishwe kila sampuli 40, ikibadilika polepole, usije ukasikia milio ya "tik".

mlio: Na usipime kwa SNR (uwiano wa sauti na kelele). Njia ya kwanza huishusha hata pale sauti inapokuwa nzuri zaidi. Tumia POLQA (kipimo cha kompyuta kinachokadiria ubora kama mtu anavyousikia), kisha wape watu vipokea sauti wasikilize bila kujua ipi ni ipi.