Fomu ya msaada mdogo inauliza "mradi utaimarishaje jamii?" Nijaze nini?

mwalimu_mtongwe

Hamjambo wenzangu. Nafundisha Gredi ya 7 huku Mtongwe, Mombasa, ng'ambo ya feri. Wanafunzi wangu walitakiwa kuchagua mradi wa huduma kwa jamii kama mtaala wa CBC unavyotaka, nao wakachagua maji. Sikuwashawishi. Wao ndio wanaobeba mitungi kabla ya kengele ya asubuhi. Kisima chetu ni cha chumvi, hata chai ukiitia vijiko vitatu vya sukari utaisikia. Maji ya kunywa tunanunua ya mkokoteni, mtungi wa lita 20 kwa shilingi 20, na mifereji ya bomba mtaani ikikauka wiki nzima unauziwa 50.

Kuna wafadhili wanaotoa shilingi 150,000 kwa miradi ya shule. Tunataka tangi la lita 10,000 na gata la kukingia maji ya mvua kwenye paa la madarasa mawili. Sehemu ya bei nimemaliza. Nimekwama swali la nne: "Mradi huu utaimarishaje jamii inayoizunguka shule?" Niliandika "wanafunzi watapata maji safi", nikafuta. Ni siku ya tatu leo, na fomu zinafungwa mwisho wa mwezi. Aliyewahi kujaza anisaidie tafadhali.

bi_jomvu

Mwanangu, umefanya vyema kufuta. Nimefundisha miaka 31 kabla ya kustaafu, na fomu za namna hiyo nimejaza saba. Nne zilikubaliwa. Mara mbili nilipigiwa simu kabla ya kupewa jibu, na mara zote mbili waliniuliza juu ya swali hilo hilo. Bei hawakuigusa.

Nikusimulie la kwetu. Tangi la kwanza tulilipata kwa maneno matamu, jamii huku, jamii kule, na jirani hata mmoja hatukumwita. Likaja, likatiwa mfereji mmoja ndani ya ua, mfereji ukatiwa kufuli, ufunguo ukakaa kwa mwalimu mmoja. Muhula wa pili mwalimu akahamishwa. Kufuli tulilivunja kwa jiwe. Watoto wa jirani wakawa wanaruka ukuta usiku kuchota, mlinzi akawafukuza kwa fimbo, asubuhi mama zao wamejaa langoni wamewaka. Nao walikuwa na haki. Kijiji chao tulikitaja kwenye fomu, na maji hawakuyaonja. Mwaka uliofuata gata lililegea upande mmoja, likaning'inia hivyo hivyo mpaka likaanguka, kwa sababu halikuwa na mwenyewe. Nikipita pale naiona ile michirizi ya kutu ukutani, na roho huniuma mpaka leo.

Mara ya pili kalamu hatukuishika mpaka tulipokutana na majirani chini ya mwembe wa shule, baada ya sala ya Alasiri. Walikuja watu 23. Fundi mmoja wa mawe akasema msingi atajenga bure, tumletee saruji tu. Akina mama wakataka mfereji utokee nje ya ukuta, upande wa njia, ufunguliwe alfajiri na jioni. Bei walipanga wenyewe: shilingi 5 kwa mtungi, wazee na wajane bure. Zile tano tano ndizo zilizonunua gata jipya miaka miwili baadaye. Daftari likashikwa na watu watatu: mzazi, mwanafunzi, na mama jirani asiye na mtoto pale shuleni. Huyu wa tatu ndiye aliyenifaa kuliko wote. Akiona maji yanavuja Jumapili, haningoji mimi Jumatatu.

Basi swali la nne lijaze hivyo. Nani atafungua mfereji, saa ngapi, pesa zitakaa wapi, nani atapanda kufagia majani paani kabla ya masika. Ambatisha kumbukumbu za mkutano pamoja na sahihi za waliohudhuria, na asiyejua kuandika atie dole gumba. Pesa za msaada ziingie kwenye akaunti ya shule kupitia bodi, zisipite kwenye simu yako hata siku moja, hata wakikubembeleza kwamba ni haraka.

Na ukikosa hapo, usikate tamaa. Kuna NG-CDF, mfuko wa serikali wa maendeleo ya eneo bunge, hiyo hujenga vitu vya shule. Kuna mpango wa misaada midogo wa GEF, mfuko wa mazingira wa dunia, unaoendeshwa na UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, uko Kenya tangu 1993, lakini huo ni wa mazingira na unapewa vikundi na mashirika ya kijamii. Mwalimu peke yake hapewi.

fundi_kisauni

Bi. Jomvu amesema kweli tupu. Mimi naongeza ya ufundi. Mwalimu, pima paa kwanza. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la mita 16 kwa 7 ni mita 112 za mraba. Mwezi wa Mei hapa Mombasa hunyesha zaidi ya milimita 200. Ukitoa sehemu moja kwa tano ya kupotea, unabaki na lita zaidi ya 17,000. Tangi litajaa na kumwagika. Lakini Januari na Februari hutapata cha maana. Mitungi 25 kwa siku inamaliza lita 10,000 kwa siku 20. Usimwahidi mtu maji ya mwaka mzima, waandikie hesabu hiyo ilivyo.

Tangi likijaa ni tani 10. Ukikuta mchanga, chimba mpaka ardhi ngumu ndipo umwage zege. Weka bomba la kutupia mvua ya kwanza, ile inayoosha vumbi na mavi ya kunguru. Na kila tundu ulizibe kwa wavu wa mbu. Homa ya dengi ilitupiga Mombasa 2013 na ikarudi 2021, na mbu wake huzaliana kwenye maji yaliyohifadhiwa majumbani. Niliugua, mifupa iliuma hata kushika spana sikuweza.

mamake_riziki

Mwalimu, mimi ni wa huko huko Mtongwe. Mkutano msiweke asubuhi, sisi wauza samaki tunakuwa hatujarudi. Na huo mfereji ukifunguliwa alfajiri, binti yangu atafika darasani kwa wakati. Sasa hivi anasimama foleni ya mkokoteni mpaka saa mbili kasorobo.

mwalimu_mtongwe

Shikamoo Bi. Jomvu, na ahsanteni nyote. Jana tulipima paa na wanafunzi kwa kamba yenye mafundo: mita 17.4 kwa 7, karibu mita 122 za mraba. Mkutano ni Alhamisi baada ya Alasiri, mamake Riziki karibu sana. Mzee wa mtaa ameshaniahidi kupita nyumba kwa nyumba.

Tatizo jipya: mabati sita upande wa bahari yameliwa na kutu, ukiinua macho ukiwa darasani unaona mbingu. Niyatie kwenye ile 150,000 au niyanyamazie?

bi_jomvu

Marahaba mwanangu. Usiyanyamazie, wakija kukagua watainua macho kama wewe. Yaandike kama mchango wa wazazi na majirani, uliza Alhamisi nani ana bati zima lililobaki kwenye ujenzi. Ukikosa mawili matatu, hayo ndiyo uyatie kwenye bei. Rasimu nitumie Ijumaa, nitaisoma usiku huo huo.