Mrejesho: figili zangu za Nakuru zimekubali

Hamjambo wapendwa. Niliwauliza mbona figili zangu zinatoa majani mengi na chini hakuna kitu, mzizi mwembamba kama uzi. Mkaniambia nimezibananisha na nimezidisha samadi. Ni kweli kabisa. Nilikuwa nimepanda palipokuwa zizi la ng'ombe, na nitrojeni, kile kirutubisho kilichomo kwenye samadi, ikizidi mmea hukimbilia majani.

Nimehamia upande wa pili wa boma. Mbegu nilizitia ardhini moja kwa moja, zilipoota nikazipunguza, nikaacha vidole vitatu kati ya mche na mche. Maji kila jioni. Siku ya 28 nikang'oa ya kwanza: nyekundu, mviringo, na kisu kilipoigusa ikalia kra! Ndani nyeupe pe, maji yanachuruzika. Nilifurahi sana!

Mama, ambaye huwa hagusi mboga mbichi, alikula nzima kwa chumvi na ndimu. Majani tunayakaanga pamoja na sukuma wiki, maana ni ukoo mmoja. Kuna aliyesema figili zinaponya kisukari. Tafadhali, mama haachi dawa zake. Anachopata ni vitamini C, nyuzinyuzi na kalori kidogo sana, na hiyo inanitosha.

Dada wa Kisumu uliyelalamika zako ni kali: ni joto la huko. Tafuta kivuli cha mchana, usizikose maji, na ung'oe mapema kabla hazijawa kama sifongo ndani.

Asanteni sana.