Naomba ushauri: kufuli la stiki kwa ndege ya kujiundia

Bawa Jipya: Wakuu, heshima zenu. Naunda ndege ndogo ya viti viwili, ile inayokuja vipande vipande kutoka kiwandani unaunganisha mwenyewe. Mabawa na mkia tayari, ipo kwenye banda lisilo na milango. Upepo ukivuma elevata, kile kibao cha mkiani cha kuinua na kushusha pua, inajigonga ko, ko, ko, usingizi wote unaruka. Nataka kufuli la kushika stiki, yaani fimbo ya kuongozea ndege, isichezeshwe na upepo. Pini niichonge kwa chuma au alumini?

Mama Riveti: Yoyote inafaa. Pini inaingia wapi?

Mzee wa Hangari: Mimi nazungusha mkanda wa kiti kwenye stiki, navuta mpaka inalala nyuma, basi. Vijana mnapenda kutoboatoboa. Jirani yangu wa hangari alibana eleroni, vile vibao vya nyuma ya bawa, kwa mbao mbili zenye sponji, dhoruba ikapita, bawa zima. Ila mlango wa rubani hakuufunga, tukaukuta umenasa kwenye uzio.

Kengele: Umeifunga ndege yenyewe chini? Kamba kila bawa, na mkia.

Bawa Jipya: Kamba zipo. Tubaki kwenye pini jamani.

Mama Riveti: Narudia swali. Pini inaingia wapi?

Bawa Jipya: Inapita kwenye stiki yenyewe, chini karibu na egemeo, inashika bati la sakafu. Tundu nimeshatoboa, milimita 6 tu, na bomba la stiki ni chuma kigumu. Kichwa cha pini kinafichwa na ile ngozi ya kufunikia stiki pale chini, kwa hiyo ndani panabaki pasafi. Kuisahau siwezi, mimi ni mtu wa utaratibu.

Mama Riveti: Mdogo wangu, hapo chini ndipo stiki inapopindwa kwa nguvu kuliko sehemu yoyote. Pembeni mwa tundu la duara mkazo unafika karibu mara 3, na ufa huanzia hapohapo. Halafu hiyo pini unaweza kukaa, kuwasha injini na kukimbia kwenye njia ya kurukia ikiwa bado imo. Mwaka 1935 ndege ya Boeing 299 ilipaa kule Dayton, Marekani, na kufuli la usukani halijatolewa. Ikainua pua, ikaanguka, wawili wakafa, na waliorusha walikuwa marubani wa majaribio. Mwaka 2014 jeti ya Gulfstream ikashindwa kunyanyuka Bedford, Massachusetts, kwa sababu hiyohiyo. Wote 7 walikufa. Kufuli lile lilitakiwa kuzuia throtali, mkono wa kuongeza nguvu ya injini, lakini halikuizuia vya kutosha, na marubani hawakuzungusha usukani kuukagua. Nao walikuwa watu wa kazi.

Mja Mnyonge: Kiburi kibaya. Omba kwanza, ndipo utoboe.

Bawa Jipya: Hao walikuwa na haraka. Mimi nitaandika kwenye orodha ya ukaguzi.

Jicho Kali: Ngojeni kwanza. Nimepitia uzi wake wa wiki iliyopita: gurudumu la mbele liko puani, injini bado imo kwenye kasha. Bila injini ndege ya hivyo inakalia mkia. Ingekuwa imekalia mkia angeshasema. Hii chai, wakuu.

Kengele: Kweli bwana! Mleta uzi jibu.

Bawa Jipya: Nimening'iniza mifuko ya mchanga kwenye fremu ya injini, na chini ya mkia kuna stendi. Kwa nini nidanganye?

Mzee wa Hangari: Mchanga ni kweli, hata mimi nilifanya hivyo. Mwacheni.

Jicho Kali: Sawa, mchanga nimeukubali. Picha ya tundu iko wapi?

Mama Riveti: Picha itakuja. Bawa Jipya, agiza bomba jipya la stiki kwa waliokuuzia ndege. Kufuli litengeneze kwa fimbo inayotoka kwenye pedali hadi kwenye stiki, ikatize juu ya kiti, ili usiweze hata kukaa bila kuitoa. Kitambaa chekundu kirefu mbele ya uso. Ibane isicheze, maana ikicheza kidogo tu zile bawaba zinaendelea kugongwa usiku kucha.

Bawa Jipya: Fimbo naikubali. Ila bomba jipya… tundu si naweza kulijaza kwa kulehemu?

Mama Riveti: Usilehemu. Weka picha kwanza, na kipenyo cha bomba.