Mnawapaje watu baiskeli zisizo na breki washuke nazo Lushoto? Mwenzetu nusura afe

Wakuu habari zenu, nina hasira mpaka mikono inatetemeka ila hili lazima niliseme.

Jumamosi mimi na washkaji tulienda kuendesha baiskeli Usambara, tunapanda kutoka Mombo mpaka Lushoto mjini halafu jioni tunashuka tena Mombo. Tulilipa 85,000 kila mtu kwa watu wanaojiita waandaaji wa safari za milimani, na tuliahidiwa baiskeli za gia zilizokaguliwa, fundi, maji, na Noah ya kutufuata nyuma mwanzo mwisho.

Anayeijua ile barabara anajua siyo mchezo. Ni kilomita kama 33 kwenda tu, Mombo uko chini kwenye joto la mashamba ya mkonge, kama mita 400 hivi juu ya usawa wa bahari, Lushoto ni kama 1,400, yaani unapanda mita elfu moja nzima kwa miguu yako, na lami yenyewe nyembamba, kona juu ya kona, upande mmoja ukuta wa mwamba upande wa pili korongo. Ukikutana na Fuso imejaa kabichi inashuka inawahi soko huna pa kwenda, unabana ukutani unasubiri ipite. Na kama kuna mtu anataka kuja kuandika hapa "si mlijitakia wenyewe" apite tu, kuchoka tulikujua na tulikutaka, mlima haujatukosea kitu.

Waliotukosea ni hawa jamaa. Hatujafika mbali baiskeli ya mshkaji mmoja ikagoma kuingia gia nyepesi, kila akikanyaga cheni inaruka, akawa anaikokota kwa mkono kwenye kile kilima na jua lile. Tukasema fundi yupo nyuma atarekebisha. Fundi gani! Tunafika Soni pale kwenye maporomoko, hoi, maji yametuishia, tunapiga simu tunaambiwa Noah imepeleka wageni wengine Irente kuangalia mandhari. Wageni wengine! Kwa hela yetu! Tukanunua maji na fyulisi kwa akina mama wa pale barabarani (Mungu awabariki, mmoja alituongezea bure alivyotuona tulivyo) tukaendelea mpaka Lushoto kwa kujikongoja.

Sasa kushuka. Wakati wa kupanda breki huzitumii sana kwahiyo mtu hajui hali yake, na asubuhi walituambia zote zimekaguliwa. Tumepita Soni kidogo tu kuelekea Mombo, dada mmoja kwenye kundi letu akaanza kupiga kelele "breki! breki!". Alikuwa anabana mpaka kishikio kinagusa usukani na baiskeli inazidi kukimbia. Akatoa mguu akawa anaburuza kiatu kwenye lami, mbele kuna kona na honi ya gari inasikika inapanda. Alichofanya ni kujitupa kwenye mtaro upande wa mlima. Angeenda upande wa pili saa hizi tungekuwa tunaongea mambo ya msiba.

Kachubuka kiwiko chote, kifundo cha mkono kimevimba, soli ya kiatu imekwisha kabisa. Tukaigeuza ile baiskeli tukaiangalia. Raba za breki za nyuma hamna, limebaki bati linalokwangua ringi, na ringi ina michirizi ya zamani imeshaota kutu. Za mbele waya umelegea hauvuti chochote. Hiyo michirizi haikutokea siku moja, wakuu. Mtu aliiona hiyo baiskeli, akaifuta vumbi, akampa binadamu ashuke nayo mlima!

Bodaboda ndiye aliyempeleka zahanati, Noah haikutokea. Na nyie kina kaka wa bodaboda wa Soni asanteni sana, mlikataa hata hela ya mafuta.

Usiku ndo jamaa anapokea simu, hajauliza mgonjwa anaendeleaje, anasema baiskeli ilikuwa nzima tumeiharibu sisi kwa kubana breki vibaya na tulipe matengenezo. Nikamwambia picha za ringi ninazo, akakata. Toka hapo hapatikani.

Tunachotaka ni hela yetu yote irudi, gharama za matibabu, na zile baiskeli zitolewe barabarani kabla wikiendi nyingine hajapandishwa mtoto wa mtu. Risiti ya muamala ninayo, meseji zake za ahadi ninazo, picha ninazo. Mwenye kujua sheria anielekeze, hii naanzia polisi Mombo au Lushoto, au kuna ofisi ya utalii inayosimamia hawa watu? Na kama kuna mwingine alishakodishiwa baiskeli za namna hii kule aje PM tuunganishe malalamiko, jina la hao watu nitampa huko huko.